Namna ya kuanzisha kamati ya wasuluhishi wanafunzi isiyokufa kabla ya Noeli: mwongozo kamili kwa shule za sekondari za Goma

Kamati za wasuluhishi wanafunzi (yaani wanafunzi wanaowasaidia wenzao wenye ugomvi kupatana) nilizoziona zikifa hapa Goma hazikufa kwa kukosa fedha, wala kwa kukosa watoto wenye nia njema. Zilianza kwa shangwe mwezi wa Septemba, zikapewa beji na picha ya pamoja na prefe (mkuu wa shule), na ilipofika Noeli hakuna mwanafunzi aliyezikumbuka. Sababu ilikuwa karibu ile ile kila mahali: wasuluhishi waligeuzwa mahakimu wadogo au masikio ya ofisi ya nidhamu, na wenzao wakaacha kuwaendea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya prefe, mkurugenzi wa nidhamu, mshauri wa wanafunzi au titulere (mwalimu msimamizi wa darasa) ambaye amejaribu mara moja na anataka kujaribu tena. Unahusu darasa la saba na la nane pamoja na miaka minne ya humanite, yaani madarasa ya juu ya sekondari. Kwa watoto wa shule ya msingi hatua nyingine zingehitaji kurahisishwa sana.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mahali panapoonekana na watu lakini pasiposikika. Kona ya veranda nyuma ya maktaba inafaa kuliko chumba kilichofungwa, kwa kuwa watoto wawili wenye hasira na wasuluhishi wawili wasio na mtu mzima karibu hawapaswi kufichwa. Ofisi ya nidhamu haifai kabisa, hata ikiwa ndicho chumba pekee chenye mlango.
- Viti vitano vya urefu mmoja. Dawati huwaketisha wagomvi bega kwa bega, na kiti kimoja kirefu kuliko vingine humpa mtu ukubwa asiopewa na yeyote.
- Madaftari mawili: moja la hesabu, lisiloandikwa majina, na jingine la mapatano.
- Sanduku dogo lenye kufuli, ambalo ufunguo wake unakaa kwa mwalimu mmoja tu.
- Kitu cha kushika wakati wa kusema: kipande cha mti, rula ya zamani au kofia. Shule moja ilichagua jiwe la lava kwa sababu liliwapendeza kama ishara ya mji wetu. Ishara hiyo ilirushwa katika kikao cha pili.
- Saa mbili kwa juma katika ratiba, zilizoandikwa na kutiwa sahihi na prefe. Bila saa hizo, vitu vingine vyote ni mapambo.

## Hatua ya 1: Hesabu ugomvi kwa siku kumi za masomo

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida ya haraka zaidi.

Chora kwa mkono ramani ya uwanja: lango, madarasa, choo, bomba au pipa la maji, mahali pa mama anayeuza mandazi, na njia mbili au tatu ambazo watoto hupita wakirudi nyumbani Ndosho, Katoyi au Majengo. Kwa siku kumi za masomo, mwalimu mmoja katika kila zamu aweke alama mahali kila ugomvi ulipotokea, pamoja na saa yake. Asiandike jina la mtu. Lengo ni kujua mahali na wakati, na mara tu majina yanapoingia, walimu hurudi kwenye orodha yao ya zamani ya watoto wabaya na kuacha kutazama kitu kingine.

Siku ya kumi utaona kwamba alama hazikutawanyika ovyo. Katika shule zenye zamu mbili, nyingi hukusanyika langoni wakati zamu ya asubuhi inatoka na zamu ya mchana inaingia, kwa kuwa mamia ya watoto, nusu yao wakiwa na njaa na nusu wakiogopa kuchelewa, wanasukumana kwenye mlango wa upana wa mita mbili. Nyingine hukaa kwenye foleni ya maji, na nyingine nyuma ya choo, mahali ambapo mwalimu hafiki.

Ugomvi wa namna hiyo hautaki msuluhishi, unataka mpangilio. Achisha madarasa ya chini dakika kumi na tano kabla ya humanite. Weka bidoni mbili za maji mahali tofauti badala ya moja. Mwalimu wa zamu ahame kutoka kivuli cha ofisi na kusimama penye choo. Fanya hayo kabla ya kuchagua msuluhishi hata mmoja, kwa sababu kamati changa inayopokea kesi nne kila siku kutoka kwenye foleni ile ile itachoka ndani ya mwezi.

Kisha kuna suala la mawe. Kwingine mtoto mwenye hasira hulazimika kutafuta jiwe, na katika muda huo huenda hasira ikapungua. Hapa jiwe liko chini ya kiatu chake. Mlipuko wa Januari 2002 uliacha lava katikati ya mji, na viwanja vingi vya shule vimejengwa juu ya mwamba huo au kuzungushiwa kuta zake. Panga salongo (kazi ya pamoja ya usafi) ya Jumamosi moja, mkusanye mawe yote yanayoenea mkononi, na mwombe fundi ayajengee ukuta mfupi kwa saruji. Mawe yaliyorundikwa tu pembeni ni ghala la silaha.

Angalizo. Kabla wanafunzi hawajagusa chochote, watu wazima wapite kwanza uwanjani na kutazama. Tangu mapigano ya Januari 2025, kitu cha chuma kisichojulikana kilicholala kwenye nyasi kinaweza kuwa risasi, guruneti au kombora ambalo halikulipuka. Kisiguswe, kisisogezwe, kisirushiwe jiwe. Watoto waondolewe kwa kufuata njia waliyojia, mahali pawekewe alama kutoka mbali, na wahusika wa kutegua mabomu waarifiwe kabla ya kazi kuendelea.

Utajua umefaulu pale ambapo unaweza kumwonyesha prefe karatasi moja yenye mahali patatu au panne pa hatari, na angalau pawili pamebadilishwa.

## Hatua ya 2: Andika mapatano na wakubwa wa shule

Usuluhishi wa wanafunzi haudumu katika shule ambayo ofisi yake haikujifunga kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha, ukiwa na sahihi za prefe, mkurugenzi wa nidhamu, mwakilishi wa walimu na mwakilishi wa kamati ya wazazi. Ukurasa huo una sehemu tatu.

### Yanayoweza kusuluhishwa

Matusi, majina ya utani, vitu vilivyoazimwa visirudi, uvumi, kusukumana, urafiki uliovunjika, ugomvi wa nafasi ya kukaa au wa zamu ya kufagia, na mapigano mepesi kati ya watu wenye nguvu zinazolingana.

### Yasiyosuluhishwa kamwe na wanafunzi

Hapa naomba usomaji wa makini, maana makosa ya sehemu hii huumiza watu.

Ukatili wa kingono, wa aina yoyote na hata ukiitwa mchezo, hauketishwi kwenye kiti cha usuluhishi. Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 imeuweka kuwa kosa la jinai, na tabia ya kumaliza mambo kifamilia kwa mbuzi au kwa noti za dola, hata ikibarikiwa na mzee wa avenyu, haiondoi kosa hilo. Kuna na sababu ya saa: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI sharti zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake; dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo ina kikomo cha siku tano. Mtoto aliyepelekwa kwanza kwenye kikao cha upatanisho siku ya Ijumaa anaweza kufika hospitali Jumanne, akiwa amechelewa. Kwa hiyo msuluhishi anayesikia jambo la namna hii afanye kitu kimoja tu: amwendee mara moja mwalimu mwanamke au mwanamume aliyetajwa kwenye ukurasa huu, na mwalimu huyo ampeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

Silaha, vitisho vya kutumia watu wenye silaha, na maneno ya mtoto anayeshawishiwa ajiunge na kundi ni mambo ya watu wazima peke yao. Jeraha linalohitaji kushonwa pia. Mwalimu aliyempiga mwanafunzi haketi mbele ya wasuluhishi wanafunzi, kwa kuwa hakuna mtoto atakayeweza kumwambia ukweli usoni na kesho yake kumpelekea daftari la kusahihishwa.

Jambo ambalo huwashangaza walimu wengi ni uonevu wa muda mrefu, yaani mtoto mmoja kuandamwa na kikundi kwa majuma au miezi. Huo si ugomvi wa pande mbili. Ukimketisha anayeonewa mbele ya anayemwonea na kuwaomba kila mmoja aseme atabadilisha nini, umemwambia aliyeonewa kwamba naye ana sehemu ya kosa, na mwenye nguvu ataondoka akiwa na mapatano yaliyoandikwa ya kumtawalia mwenzake. Hapa kazi ni ya mwalimu: kuuzuia uonevu, kumlinda mtoto, kuzungumza na wahusika mmoja mmoja.

Mwisho ni matusi ya kabila, au ya kumwita mtu kwa jina la kundi lenye silaha. Madarasa yetu yana watoto waliokuja kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine wakiwa wamefiwa, na neno moja linaweza kugawanya darasa zima kabla ya rekreasio (mapumziko) kwisha. Mtu mzima atamke kwanza, mbele ya wale wale waliosikia tusi, kwamba neno hilo halikubaliki. Baada ya hapo watoto wawili wanaweza kusuluhishwa, wakikubali wote. Kamwe msuluhishi asiulize familia ya mtoto iko upande gani, na daftari lolote la kamati lisiandikwe kabila la mtu.

### Yale ambayo ofisi inaahidi

Mkurugenzi wa nidhamu anaahidi mambo mawili. Kwanza, wanafunzi waliomaliza usuluhishi na kutimiza mapatano hawataadhibiwa tena kwa kosa lile lile. Pili, hatamwuliza msuluhishi yaliyosemwa kikaoni, isipokuwa maisha au usalama wa mtu uko hatarini, na wanafunzi wote wanaambiwa juu ya ubaguzi huo mapema.

Ahadi ya pili ndiyo inayovunjwa kwa urahisi zaidi. Mkurugenzi hukutana na msuluhishi koridoni, humshika bega kwa upole, humwuliza: "Hivi wale wawili, nani alianza?" Mtoto hujibu kwa heshima. Wiki hiyo hiyo kamati imekufa, ijapokuwa itaendelea kuvaa beji.

Na fimbo je? Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka nidhamu nyumbani na shuleni itolewe kwa namna inayomheshimu mtoto kama binadamu. Mwalimu anayefundisha amani saa mbili na kuchapa saa nne anafundisha somo moja tu, nalo ni lile la saa nne. Kama shule yako haijaacha kiboko, anza na hilo, kisha urudi kwenye mwongozo huu.

Utajua umefaulu pale ambapo karatasi yenye sahihi nne imebandikwa ukutani na walimu wanaweza kuisimulia bila kuitazama.

## Hatua ya 3: Wachague wale ambao wenzao huwaendea tayari

Usiwateue wakuu wa madarasa. Wengi wao ndio wanaoandika majina ya wapiga kelele, na kazi hizo mbili hazikai katika mtu mmoja.

Gawa vipande vya karatasi na uulize swali moja: "Ukiwa na ugomvi na mwenzako, ni mwanafunzi gani wa shule hii ungependa akusikilize?" Karatasi hazina jina la mwandishi. Chukua kumi na wawili wanaotajwa mara nyingi, ukihakikisha kwamba nusu ni wasichana, zamu zote mbili zimo, na hawatoki kijiji kimoja, kanisa moja wala mtaa mmoja. Katika kila shule niliyofanya zoezi hili, jina moja au mawili ya wapiganaji mashuhuri yalijitokeza, na walimu wakataka kuyafuta. Nawashauri wayaache. Mtoto aliyewahi kupigana na kuacha anaaminiwa na wale ambao mwanafunzi wa kwanza darasani hatawafikia kamwe.

Mzazi wa kila mmoja aulizwe, na mtoto mwenyewe awe huru kukataa.

## Hatua ya 4: Wafundishe kwa saa kumi, katika Kiswahili

Alasiri tano za saa mbili mbili zinatosha kuanza. Lugha ni Kiswahili cha nyumbani, pamoja na maneno yake yote ya Goma. Nasisitiza hili kwa sababu katika ofisi zetu kesi husikilizwa mara nyingi kwa Kifaransa, na hapo ugomvi hugeuka mtihani: anayeshinda ni yule anayejua kupanga sentensi, na mtoto aliyekuja mwaka jana kutoka kijijini hukiri kosa asilolitenda ili tu aruhusiwe kunyamaza.

Alasiri ya kwanza ni ya kusikiliza. Wanafunzi hukaa wawili wawili. Mmoja husimulia kwa dakika mbili jambo lililomuudhi, mwingine hanyoshi hata kidole. Kisha anarudia alichosikia kwa maneno yake. Zoezi limefaulu msimulizi anaposema, "Ndiyo, ndivyo." Akisema "karibu hivyo", linarudiwa. Watoto hucheka mara tatu za kwanza, na ya nne wananyamaza.

Ya pili ni ya kuuliza. Piga marufuku neno "kwa nini" kwa alasiri nzima. "Kwa nini ulimpiga?" ni swali la ofisi, na jibu lake ni kisingizio. "Ilikuwaje?" huleta hadithi, na ndani ya hadithi ndimo kisa chenyewe kinamolala. Maswali mengine yanayofaa: "Halafu?", "Hapo ulijisikia namna gani?", "Ungependa iwe namna gani kesho?"

Ya tatu ni ya kusema bila kushtaki. Vitabu vingi vya mafunzo hutoa kanuni iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, ambayo mtoto huisoma kama katekisimu na wenzake wakaanza kumwigiza uwanjani. Waache watafute wenyewe. Kundi moja la darasa la nane lilifika kwenye "Uliponiita vile mbele ya watu, niliona haya, naomba uniite jina langu", nami sijaona kanuni ya kitabu inayolishinda sentensi hiyo.

Ya nne na ya tano ni za kuigiza vikao, kwa visa vya kubuni vinavyofanana na vya kwenu. Kila msuluhishi aketi mara mbili kwenye kiti cha usuluhishi na mara moja kwenye kiti cha mgomvi. Katika maigizo hayo mwalimu atazame kosa moja kuliko yote: msuluhishi anayesema "wewe ndiye mwenye makosa" au "mimi ningekuwa wewe". Amkatize hapo hapo, kwa upole, kila mara.

## Hatua ya 5: Kikao chenyewe

Kikao huchukua dakika thelathini hadi arobaini. Rekreasio haitoshi, na kujaribu kukibana humo ndiko kunakozaa mapatano ya uongo ya kushikana mikono. Tumia zile saa mbili zilizo kwenye ratiba, wala si jioni, maana msichana anayetembea peke yake hadi Mugunga gizani amewekwa katika hatari kubwa kuliko ugomvi wenyewe.

a) Pozeni kwanza. Waliopigana leo asubuhi wasiketishwe leo asubuhi. Wape saa chache, au hadi kesho yake. Mwili unaotetemeka hausikilizi.

b) Ulizeni kama wanataka. Kila mmoja aulizwe peke yake. Anayekuja kwa kulazimishwa atasema ndiyo kwa kila kitu. Akikataa, jambo linarudi kwa mwalimu bila lawama.

c) Fungueni. Wasuluhishi ni wawili, ikiwezekana msichana na mvulana. Mmoja anasema: "Karibuni, ndugu zetu. Sisi si mahakimu, hatutasema nani ana kosa. Yatakayosemwa hapa yatabaki hapa, isipokuwa mtu yuko hatarini. Anayeshika mti ndiye anayesema. Hakuna matusi. Mnakubali?" Wasubiri jibu la kila mmoja kwa sauti.

d) Kila mmoja asimulie, msuluhishi arudie. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa pasiharakishwe. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini aliyewahi kufundisha Goma ataujua. (Chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo; minervale ni ada ya shule.)

Mvulana wa kwanza anasema: "Amenipasulia daftari la jiografia, na Jumatatu kuna mtihani."

Msuluhishi: "Daftari lako limepasuliwa, na unaogopa mtihani wa Jumatatu. Ndivyo?"

"Ndivyo. Na mama hana pesa ya daftari lingine."

Mti unahamia upande wa pili. "Mimi nililipasua, sikatai. Kila siku ananiita Chukudu mbele ya wasichana, kwa sababu baba anasukuma chukudu. Nilimwambia aache, mara tatu."

Msuluhishi: "Unaitwa kwa kazi ya baba yako, na ulishamwomba aache. Ulijisikia namna gani?"

Kimya. Kimya hiki kisivunjwe na msuluhishi. Kihesabiwe polepole hadi kumi.

"Baba anapandisha mzigo tangu saa kumi na moja ya alfajiri. Ndiye anayenilipia minervale. Huyu anamcheka."

Yule wa kwanza anatazama chini. "Sikumcheka baba yako. Nilifikiri ni jina tu."

Mji huu umeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na bado jina lake linaweza kumchoma mtoto hivi. Ofisi ya nidhamu ingeona daftari lililopasuka, ingetoa adhabu ya siku tatu, na lile jina lingeendelea.

e) Tafuteni njia, nyingi kabla ya moja. Msuluhishi anauliza: "Kila mmoja wenu anaweza kufanya nini?" Yote yaandikwe kwanza bila kuhukumiwa, hata ya kipuuzi. Msuluhishi haruhusiwi kupendekeza kitu mpaka wao wenyewe wametoa angalau matatu.

f) Pimeni kwa maswali matatu. Linawezekana kwa vitu walivyo navyo? Linasema nani, lini na wapi? Wote wawili wanalikubali bila kutazama mlango? "Tutaheshimiana" halipiti. "Jumamosi asubuhi tutakaa pamoja maktabani, atanisaidia kunakili kurasa zilizopotea, nami sitatamka lile jina wala sitacheka rafiki zangu wakilitamka" linapita.

Msamaha usilazimishwe. Ukija wenyewe, vema. Usipokuja, mapatano yanaweza kusimama bila huo, na kwa kweli nimeona yakisimama vizuri zaidi.

Kikao kikiharibika, yaani mtu akisimama, akitukana mara ya pili, au akilia bila kuweza kuendelea, wasuluhishi wanasema tu, "Tunapumzika hapa," na kumwita mwalimu aliye karibu. Hilo si aibu yao.

## Hatua ya 6: Andikeni, fungieni, rudini

Mapatano yaandikwe katika mistari minne au mitano na kutiwa sahihi na wote wanne. Nakala iwe moja tu, na ikae ndani ya sanduku. Zamani niliwapa watoto nakala zao, mpaka nilipokuta moja ikisomwa kwa sauti kwenye foleni ya mandazi ili kumwaibisha mwenzake. Mwisho wa mwaka karatasi zote zichanwe mbele ya wahusika.

Katika daftari la hesabu iandikwe tarehe, mahali pa ugomvi, aina yake, na kama mapatano yalifikiwa. Basi.

Msuluhishi mmoja awarudie wagomvi siku ya tatu na siku ya kumi na nne, akiwa na maswali mawili: "Mliyokubaliana yanafanyika?" na "Kuna jipya?" Ziara ya siku ya kumi na nne ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoonyesha ukweli, kwa kuwa siku ya tatu watoto bado wana adabu ya kikao.

Utajua umefaulu pale ambapo wanafunzi wanaanza kuja wenyewe, kabla ya ngumi kurushwa. Wakati huo idadi ya kesi katika daftari itapanda, na prefe atashtuka. Mwonyeshe ramani mpya ya siku kumi, iliyochorwa kama ile ya kwanza. Alama za mapigano ndizo zinazopaswa kupungua.

## Hatua ya 7: Lango na mtaa

Ugomvi wa shule zetu hauishi langoni. Mtoto aliyepigwa asubuhi hurudi na kaka yake mchana, na kaka akishafika, ugomvi umeshabadilika umri. Itisheni baraza la wazazi mara moja kila muhula, msieleze falsafa ya amani, bali ombeni mambo matatu: wasimtume kaka, wamwite titulere kabla ya kumwendea mzazi mwenzao, na wakubali kuja shuleni bila mtoto wao wakiitwa.

Mechi kati ya shule mbili nazo zinahitaji mpango wake: wageni waondoke dakika ishirini kabla ya wenyeji, wakisindikizwa na walimu wa pande zote mbili. Kamati isitumwe kuzuia umati barabarani. Hao ni watoto.

## Dalili kwamba kamati inaanza kufa, na la kufanya

*Hakuna kesi kwa majuma matatu.* Kabla ya kufurahi, waulize wanafunzi wachache kwa siri. Mara nyingi siri ya kikao imetoka. Tafuta ilipotokea, ikiwa ni msuluhishi aliyeitoa, apumzike kwa muda, na ikiwa ni ofisi, ofisi iombe radhi mbele ya kamati.

*Wasuluhishi wanaanza kuchelewa.* Wamechoka. Kila mmoja asikalie kiti zaidi ya mara moja kwa juma, na mwalimu aketi nao kila siku kumi na nne ili waeleze yaliyowaelemea, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na tano anayesikia habari za nyumba za wenzake huzibeba hadi kitandani.

*Walimu wanaipelekea kamati kila mtukutu.* Rudisha ile karatasi ya sahihi nne kwenye mkutano wa walimu na uisome upya.

*Wafinalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) ndio wanaofanya kazi yote.* Hili ni la kushughulikia mapema, kwa maana wataingia kwenye Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) na hawatarudi. Wachague warithi wao mwezi wa Aprili, kwa karatasi zile zile zisizo na majina, wafundishwe zile alasiri tano mwezi wa Mei, na wakae pamoja na wakubwa wao kwenye vikao viwili au vitatu kabla ya shule kufungwa. Septemba ikifika, kamati itakuwa na watu wanaojua tayari ufunguo wa sanduku uko kwa nani.